Aliyesikiliza Nje ya Dirisha

Klabu yetu ya taarab, kama klabu nyingine mjini, ilikuwa na rais, katibu na mshika fedha. Juu ya hao ilikuwa na cheo kimoja ambacho sijakisikia kwingine: tulikuwa na Msikilizaji. Hakupiga chombo, hakuimba, hakutunga. Kazi yake ilikuwa kukaa nje, kwenye baraza, mgongo ameuegemeza ukutani chini ya dirisha la chumba chetu cha mazoezi, na kusikiliza. Wimbo ambao yeye hakuuridhia haukutoka. Haukupigwa harusini, wala Idi, wala mbele ya mgeni yeyote hata awe na cheo gani.

Nasaba yake sitaieleza. Wenye nayo wapo, na yeye mwenyewe hakuipenda mada hiyo. Alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu, na hilo pia alilitaja kwa nadra, kama mtu anayetaja ugonjwa aliokwishapona. Mjini alijulikana kwa masikio yake, na hivyo ndivyo alivyotaka ajulikane.

Kwa nini nje na si ndani? Siku zangu za mwanzo, nilipoingia klabuni na fidla ya kuazima, nilimuuliza. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini samaki huoshwa.

"Ndani mnasikilizana wenyewe," akasema. "Kila mtu anajua mwenzake anataka kusema nini, basi anamsamehe. Huku nje hapana msamaha. Anayepita na kikapu chake hakujui weye, wala babako hamjui. Yeye ndiye mwenye wimbo."

Alipoanza kusikiliza alivua kofia na kuiweka gotini, akidai kofia hubana masikio. Tukikosea aligonga nondo ya dirisha kwa pete yake. Kugonga kwake kulikuwa kwepesi tu, lakini nimewaona wapigaji wakubwa, watu waliosafiri na vyombo vyao nchi za mbali, wakishusha upinde kama watoto waliofumaniwa. Hakueleza kosa. Aligonga, akanyamaza, na sisi tukatafutana ndani ni nani. Mara nyingi mwenye kosa alijijua.

Mtu wa masikio hayo ungetegemea nyumbani kwake ukute mitambo ya maana. Alikuwa na redio moja ya betri, spika yake imepasuka, akiifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kwa redio hiyo alisikiliza mpira. Mtangazaji alisikika kama anazungumza ndani ya pipa la mabati, na Msikilizaji ameegemea mto wake, ameridhika kabisa.

"Hii nayo vipi?" nilimuuliza siku moja.

"Goli ni goli," akajibu.

Na kuimba alikuwa hajui. Nasema hili kwa mapenzi. Akijaribu kukuonyesha kwa mdomo pale ulipopotea, alikupoteza zaidi. Siku moja ya Idi tulimpa tari, ile ngoma ndogo ya mkononi, kwa mzaha, ashike mapigo na wenzake. Kabla ya kibwagizo cha pili mpiga ngoma ya dumbak alikuwa anamsihi kwa macho aache. Akaacha, akacheka kuliko sote. "Mpishi na mlaji si mtu mmoja," akasema. "Kuna watu tumeumbwa kula."

Alikuwa mkali, lakini si kwa kila mtu. Mtoto aliyeanza kujifunza angeweza kukwaruza fidla mchana kutwa na asigonge. Mzee aliyekwisha nguvu pia hakumgongea. Ukali wake aliuweka kwa sisi tuliokuwa katikati, tuliokwisha kujua na tukaanza kujipenda. Tulipokwenda kupigia wageni hotelini Kendwa, wakapiga makofi mpaka tukasimama mara ya pili kuinama, tulirudi mjini vichwa juu. Yeye alikuwa amekaa nyuma ya jiko la hoteli muda wote, na wapishi.

"Vipi Msikilizaji, umewasikia wageni?" tukamuuliza.

"Nimewasikia. Wamepiga makofi vizuri."

"Na sisi?"

"Nyie mmepiga makofi pia. Mmejipigia."

Basi huyo ndiye mtu tuliyekuwa naye, na kwa miaka yote ile sikuwahi kuona klabu ikitoa jambo bila yeye kusikiliza kwanza. Aliyeuvunja utaratibu huo ni mimi.

Nilikuwa katibu. Kampuni moja ya ughaibuni inayotengeneza michezo ya kompyuta ilitutafuta. Walikuwa na mchezo wao mpya ambamo mtu hutembea katika mji wa kubuni, wenye vichochoro na milango ya kuchonga, akimtafuta dada yake aliyepotea. Walitaka muziki wa sokoni uwe wetu. Walimleta mtaalamu wao wa sauti, mwanamama mrefu mwenye adabu nyingi, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akatundika maikrofoni zake chumbani kwetu, akafunga madirisha kwa magodoro, na kwa siku kadhaa tulipiga kila kitu tulichokuwa nacho. Msikilizaji alikaa barazani, ingawa kwa ajili ya yale magodoro hakusikia kitu. Alisema kazi ni kazi.

Kipande kilichotoka vizuri kuliko vyote kilikuwa bashraf yetu ya zamani, ule muziki usio na maneno ambao taarab hufunguliwa nao. Bashraf hii imejengwa kwa swali na jawabu. Fidla zinauliza, mimi nikiwa mbele. Zinauliza tena kwa juu zaidi. Kisha zote zinanyamaza na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, inajibu peke yake. Mpiga kanuni wetu alikuwa Bi Rukia. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kushikwa na baridi yabisi, na alikuwa ametuonya kwamba hii huenda ikawa mara yake ya mwisho kulijibu swali lile. Alijibu mchana ule kwa namna ambayo hata yule mtaalamu alisahau kuzima mtambo tulipomaliza. Alibaki na mkono hewani.

Mchezo ukatoka, ukapendwa huko kwao, na waliocheza wakaanza kuuliza: muziki huu tutaupata wapi peke yake? Kampuni ikaamua kutoa albamu, ya kupakua mtandaoni na ya santuri, zile kubwa za zamani ambazo sasa vijana wa Ulaya wamezirudia. Wakanitumia vipande vyote kwenye simu, wakaomba kibali cha klabu.

Nilivisikiliza palepale, nimesimama Darajani, simu sikioni, kelele za soko sikio la pili. Nilisikia fidla yangu. Tamu, safi, mbele kabisa. Hata takasim yangu, kile kipande nilichokipiga peke yangu nje ya mpango, walikuwa wamekiweka. Nikajibu jioni ileile: klabu imeridhia.

Nikaenda kwa Msikilizaji na bishara hiyo kama mtu anayepeleka habari za mtoto wa kiume.

"Mambo yamekuwa, mzee. Albamu inatoka na jina letu juu yake. Sikiliza." Nikatoa simu.

Akausukuma mkono wangu. "Hiyo ya kuitia teksi. Kaipige klabuni, kwenye spika, nije nikae."

Alasiri tulifungua klabu, tukaunga simu kwenye spika zetu kubwa. Yeye akakaa nje, kofia gotini. Vipande vya mwanzo vilipita bila kugongwa, na nikaanza kujisikia mrefu. Kwa kweli sauti ilikuwa nzuri. Ngozi ya dumbak uliisikia ikivuta kabla ya kulia. Kisha ikaja bashraf. Fidla zikauliza, zikauliza tena, zikazunguka zikauliza upya, halafu muziki ukafifia taratibu ukaisha.

Akagonga. Nikatoka nje.

"Bi Rukia kafa?" akaniuliza.

"Astaghfirullahi! Yu mzima, asubuhi nimemwona anachagua mbilimbi."

"Mbona hajibu?"

Mpaka dakika ile sikuwa nimeona kwamba hajibu. Nilikuwa nimekisikiliza kipande kile zaidi ya mara moja, na sikuliona pengo lake. Nilikuwa ninajisikiliza mimi ninavyouliza.

Nikajitetea. Nikamwambia mchezoni ndivyo kilivyo, albamu imefuata mchezo. Akavaa kofia. "Basi nipeleke mchezoni. Wimbo wa harusi hausikilizwi msibani. Nikausikie kwao."

Mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, kulikuwa na mwanamke anaitwa Bi Zuwena, anauza urojo mbele ya nyumba yake na chumba cha uani amekigeuza cha gemu, kina televisheni na makochi yaliyochoka. Kampuni ilikuwa imetupa nakala ya mchezo wenyewe, nikaichukua. Bi Zuwena alipomwona Msikilizaji anaingia na kanzu yake nyeupe, pedi ya kuchezea akampa mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Leo hukuja kwa urojo?"

"Marahaba. Leo nnakuja kutembea."

Alifundishwa kidole gani kinakwenda mbele na kipi kinageuka. Akajigonga na kuta za mji ule mpaka akafika sokoni, bashraf yetu ikaanza. Hapo akasimama. Akavua kofia, pedi mapajani, na yule mtu wa kwenye televisheni akasimama naye katikati ya soko, akipumua.

"Mzee, nenda!" Bi Zuwena akamwambia. "Mchezo huu ni wa kwenda. Umesimama kama unangoja mwezi uandame."

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

"Wezi hao wanakuja! Watakupiga!"

"Waache."

Wakampiga. Akafa, akarudishwa mwanzo wa kichochoro, akaenda sokoni tena, akasimama tena. Nadhani hapajatokea mchezaji aliyekufa kwa utulivu kama ule. Bi Zuwena alikuwa ameacha urojo wake unachemka, anacheka huku ameshika mlango. Muziki ulizunguka: swali, swali, kisha mwanzo, swali, swali. Mwishowe Msikilizaji akaweka pedi chini.

"Wana haki," akasema. "Hawa hawajui mtu atakaa sokoni muda gani. Wakiweka jawabu, mtu ataondoka katikati yake, na jawabu lililokatwa ni baya kuliko lisilosemwa. Hapa sawa. Lakini anayenunua santuri haendi popote. Amekaa. Amejitengea saa yake. Huyo ukimpa swali tupu, umemwibia."

"Lakini sauti yenyewe umeisikia ilivyo safi," nikasema. Nilikuwa bado natafuta pa kushika.

"Sauti safi ni kikombe kilichooshwa, bwana. Chai iko wapi?"

Nilikwenda kwa Bi Rukia kabla ya kufanya lolote, kwa kuwa aliyedhulumiwa ni yeye. Nilidhani nampelekea habari mpya. Alikuwa nazo tangu juzi yake. Mpwa wake alikuwa ameomba vipande vile kwa mmoja wetu, akamchezea.

"Mbona hukusema, Bi Rukia?"

Akaviangalia vidole vyake, akavificha ndani ya khanga. "Niseme nini? Nilidhani wamenikata kwa sababu ya hivi. Nikasema wana haki yao, vidole vyenyewe vimekuwa kama tangawizi. Nikaona niyanyamazie." Halafu, bila kuniangalia: "Na kibali umetoa weye, ukiwa umeshasikiliza. Nikadhani nawe umeona hivyo."

Nimeishi miaka mingi na nimekosea mengi: katika ndoa, katika kazi, katika malezi. Mengi yake nikiyakumbuka naweza kupata kisingizio hata kidogo. Hili sina. Mwanamke aliyepiga vizuri kuliko sote alikaa nyumbani kwake akiamini kwamba amepiga vibaya, kwa sababu mimi niliusikia upinde wangu na nikaona yametosha.

Nikampigia yule mtaalamu wa sauti. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba kibali nilichotoa ni kosa langu, si la klabu, na kwamba bashraf lazima itoke nzima au isitoke. Nilitegemea akasirike. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameitaka nzima tangu mwanzo. Wakubwa wake walimwambia wenyeji wameridhia fupi, basi aache. Akasema atakwenda kuwabishia sasa kwa kuwa ana neno letu. Lakini pana shida moja. Santuri ina nafasi yake. Ukijaza upande mmoja kupita kiasi, ile mistari inayopita sindano inabanana na sauti inakonda. Kila kitu kinasikika kwa mbali. Bashraf nzima ni ndefu. Ili itoshee na sauti ibaki nene, kipande kimoja cha upande ule lazima kitoke, na ni juu yetu kusema kipi.

Upande ule ulikuwa na takasim yangu.

Ningependa kusema nilijibu haraka. Ilibidi aulize kwanza kama bado nipo. Takasim ile ilikuwa kitu bora nilichowahi kupiga. Najua, kwa sababu sijawahi kukirudia. Nikamwambia itoeni hiyo.

Albamu ikatoka. Msikilizaji wakati huo miguu ilikuwa imemkatalia, amehamia Mbweni kwa binti yake, na klabu tulikuwa tunafanya mazoezi bila mtu barazani. Tulijitahidi. Lakini wimbo tusioujua umekaaje tulikuwa tukiupiga kwa wasiwasi, tukitupa macho dirishani.

Nakala yetu ya santuri ilipofika nilimpelekea. Binti yake hakuwa na mtambo wa kuichezea, lakini hoteli iliyo karibu na nyumba yao ilikuwa na mmoja sebuleni kwao, wa kupendezesha wageni. Mhudumu wao alikuwa mtu wa Ng'ambo, na Msikilizaji alimjua babake. Akatuwekea viti karibu, akaishusha sindano mwenyewe, kwa uangalifu kama anamtia mtoto wanja.

Sijawahi kuisikia klabu yetu vile. Nyuzi za udi zilikuwa na kifua. Dumbak ilifika kwanza tumboni, masikioni baadaye. Msikilizaji alivua kofia akaiweka gotini. Macho alikuwa amefumba.

Ilipoanza bashraf, mgeni mmoja wa kutoka Bara, mtu wa makamo mwenye kaptura ya kuogelea na taulo begani, alipita akasimama.

"Samahani wazee wangu, shikamooni. Huu si muziki wa lile gemu? La yule anayemtafuta dada yake? Nimelicheza mpaka mke wangu akanuna!" Akaanza kuufuata kwa mluzi, anaujua wote, swali la kwanza, swali la pili. Kisha fidla zikanyamaza, naye akanyamaza, akatikisa kichwa. "Hapa sasa ndiyo huwa unarudi mwanzo."

"Usiondoke," Msikilizaji akamwambia, macho bado amefumba. "Usikie ulikuwa unakwenda wapi."

Na Bi Rukia akajibu. Yule mgeni taulo lilimtoka begani, hakuliokota. Unasikia kucha zake kwenye nyuzi, unasikia anavuta pumzi kabla ya kupanda juu, unasikia pale mahali ambapo kidole kimoja kilichelewa kidogo na yeye akakingoja, akaugeuza ule uchelewaji kuwa sehemu ya maneno yake. Alipomaliza, mgeni alisema, "Mama yangu!" basi, akaenda zake taratibu bila kuaga. Bi Rukia nilimweleza hilo baadaye, neno kwa neno, na alinifanya nirudie lile la taulo.

Upande ukaisha. Santuri ikawa inazunguka patupu. Msikilizaji akafumbua macho.

"Na ile yako? Ile uliyopiga peke yako?"

"Haikutoshea."

"Wameitoa wao au umeitoa weye?"

"Mie."

Akanigeukia.

"Iliuma?"

"Iliuma sana, mzee."

"Vizuri," akasema, akajiweka sawa kitini. "Mwite bwana yule aigeuze, tusikie upande wa pili."